Mtoto wa Anneth na Dawa za Nyanya

Ndugu zangu wa huku juu ya Tengeru, na ninyi wengine wa kokote ambako nyanya hulimwa na watoto huzaliwa, nawaomba mnitegee sikio. Ninayowasimulia hayakutokea nchi ya mbali. Yalitokea kwa jirani zangu wa ng'ambo ya mfereji, mahali ambapo nikikohoa uani kwangu wao wanasikia. Mimi ndiye Mama Brian. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki niliambiwa na wenyewe.

Nyumba ya Efraimu na Anneth ilipendeza kuitazama. Jumapili baada ya ibada ungewakuta barazani, Anneth akimenya ndizi, Efraimu akijifunza besi ya kwaya kwa sauti ya chini, na binti yao mdogo Elifuraha, tuliyemwita Furaha, akimkimbiza ndama kati ya migomba. Mlima ukiwa umefunguka mawingu, na maji ya mfereji yakipita nyuma ya nyumba, mtu ungesema pale hapana linalopungua. Hata wakigombana waligombana kwa mzaha. Anneth alikuwa mtu wa maneno mepesi, na Efraimu alipenda kushindwa naye.

Waliishi kwa kahawa kidogo, ng'ombe wawili na bustani ya nyanya. Nyanya ndizo zilizowapa heshima mjini na kanisani, ndizo zilizosomesha wadogo zake Efraimu. Basi mwaka ule wa taabu akaingia yule mdudu tunayemwita kantangaze. Mliolima mnamjua. Asubuhi unaona mstari mweupe kwenye jani, na kabla hujajua la kufanya bustani nzima imekuwa kama imepitiwa na moto. Efraimu alipoteza msimu wote. Nilimwona amesimama katikati ya matuta, ameshika nyanya iliyotobolewa, akiigeuzageuza mkononi kama mtu anayesoma barua ya msiba.

Tangu siku ile aliacha kuwa mkulima akawa mtu wa vita.

Alishuka Tengeru kwenye duka la pembejeo la Abdulrahim, kijana mpole aliyesomea mambo ya kilimo. Abdulrahim alimpa dawa moja na kumweleza kipimo chake, namna ya kujikinga, na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Efraimu aliona maneno yamekuwa mengi na dawa imekuwa chache. Akaenda gulioni kwa wachuuzi wanaouza dawa za kupima kwenye vichupa visivyo na maandishi. Huko alipata ya wadudu, ya ukungu na ya kunenepesha majani, akazichanganya zote kwenye bomba moja la kupigia dawa, na kila moja akaizidisha.

Nilimwambia kwa upole, kama jirani, "Baba Furaha, hiyo harufu inafika mpaka jikoni kwangu. Hata kipimo huweki?"

Akacheka. "Mama Brian, ukisubiri kipimo cha kwenye chupa utavuna vijiti. Mdudu huyu hasikii adabu."

Alipiga dawa pekupeku, kwa shati lile lile atakaloingia nalo ndani. Akimaliza alisuuza bomba kwenye mfereji, na sisi wa chini tukateka maji. Ndoo ya kuchanganyia ilikuwa kazi ya Anneth. Yeye ndiye aliyeshika mti na kukoroga mpaka povu litulie, mikono wazi, akiongea na Furaha mgongoni. Madumu matupu ya dawa, kwa kuwa yalikuwa imara na yenye vifuniko vizuri, yaliingia jikoni. Moja lilitiwa maji ya kunywa, lingine maziwa.

Siku moja nilimuuliza, "Anneth, dumu hili si lile la dawa?"

"Nimeliosha kwa maji ya moto na majivu," akasema. "Nusa mwenyewe. Halina kitu."

Nikanusa. Kweli halikuwa na harufu.

Na msimu ule, ndugu zangu, Efraimu alivuna. Nyanya zilikuwa nyekundu, ngumu, hazina doa, zikapakiwa mpaka gari likalalamika. Alipiga dawa asubuhi na kuvuna kesho yake, na wanunuzi wakamshukuru kwa jinsi zilivyong'aa. Tulizinunua hata sisi. Wanaume wakaanza kuja kumuuliza siri yake, naye hakuwanyima. Nani angethubutu kumwambia anakosea, wakati paa lake lilikuwa jipya na yetu yakivuja?

Anneth akapata mimba. Aliendelea kukoroga ndoo, maana msimu haumngoji mtu. Mimba ile ikatoka kabla haijaonekana vizuri. Alilia, akapona, akarudi shambani. Tukasema ni mambo ya kawaida, Mungu atatoa nyingine.

Akatoa. Mimba iliyofuata ilikaa, na Anneth akajifungua mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti ya kuita watu barabarani. Efraimu alikuja mbio kunijulisha, macho yamejaa maji. Mtoto wa kwanza wa kiume kwao hupewa jina la babu mzaa baba, na marehemu baba yake aliitwa Simel. "Simel amerudi," akaniambia. "Mama Brian, Simel amerudi nyumbani."

Nilipika mtori, ile supu ya ndizi ya mzazi, nikaufunika, nikavuka mfereji. Nilitegemea kukuta vigelegele. Nikakuta ukimya. Mama yake Efraimu, Bibi Ndekirwa, alikuwa ameketi mlangoni, ameegemeza shavu kwenye mkono. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Ndani, Anneth alikuwa amelala ameupa ukuta uso, mtoto amefungwa nguo nyingi kama anayefichwa baridi, na kulikuwa na joto.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

Akafungua nguo, akanionyesha. Sitaeleza kwa marefu jambo la mtoto mdogo. Inatosha kusema kwamba tundu la mkojo halikuwa mahali pake. Lilikuwa chini, nusu ya njia, kama kazi ambayo fundi aliiacha akaondoka. Muuguzi wa zahanati alikuwa amewaambia wampeleke hospitali kubwa mjini, kwamba hali hiyo ina matibabu. Lakini Bibi Ndekirwa alisikia neno moja tu, hitilafu.

"Katika ukoo huu hakijaonekana kitu cha namna hii," alisema siku ile, kwa sauti ya kusikika mpaka kitandani. "Nimezaa, wenzangu wamezaa. Kimetoka wapi?"

Efraimu aliinuka. Alitoka akaenda kukaa kwenye migomba. Jina la Simel halikutamkwa tena. Mtoto alikaa bila jina, na ubatizo ukaahirishwa kwa sababu ambayo hakuna aliyeitaja kwa mchungaji. Nepi zake zilianikwa ndani ya nyumba ili mpita njia asiulize. Lakini mambo ya nyumbani hayana ukuta. Kabla mtoto hajaanza kucheka, kisimani walishasema Anneth amezaa mtoto ambaye si mvulana wala si msichana. Huo ulikuwa uongo. Mtoto alikuwa mvulana kamili, mwenye kasoro ya kuzaliwa. Ila uongo hauhitaji miguu, sisi ndio tunaoubeba.

Anneth aliomba kwa mumewe waende mjini. Akajibiwa wasubiri kwanza ukoo ukae kikao. Akasubiri. Ukoo haukukaa. Mwisho akaja kwangu asubuhi, mtoto mgongoni, akasema, "Nisindikize. Peke yangu nitasahau nitakachoambiwa."

Hospitalini tulipokelewa na daktari wa watoto, mwanamke wa makamo, mwenye hijabu ya kijivu na maneno ya taratibu. Jina lake Daktari Twahira. Alimpima mtoto, akacheza na vidole vyake, kisha akaanza kuuliza. Je, kuna mwingine katika familia aliyezaliwa hivi? Hapana. Mimba zilizotangulia? Anneth akamweleza. Mnafanya kazi gani? Nyanya. Mnapiga dawa? Ndiyo.

"Nani anachanganya?"

"Mimi," Anneth akasema. "Hata nikiwa na huyu."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, sikulaumu. Nataka uelewe, kwa sababu kuna mtu atakulaumu na wewe lazima ujue la kujibu. Mwili wa mtoto tumboni haujengwi kwa kubahatisha. Unajengwa kwa amri, na amri hizo huletwa na homoni. Homoni ni kitu kidogo mno kinachosafiri kwenye damu. Lakini amri ili itekelezwe, lazima apatikane wa kuipokea. Ndani ya seli, hizi chembe zilizojenga mwili wote, kuna protini zinazoitwa vipokezi. Kila kipokezi kina kishimo chenye umbo lake. Homoni yake inaingia humo inakaa sawasawa, kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake. Ikishakaa, kipokezi nacho kinabadilika umbo, kinajikunja na kuishika. Kinaingia mpaka kwenye kiini cha seli, kinashikamana na vinasaba, na kazi inaanza: hapa jenga, hapa funga, pale ongeza."

Daktari alimrudishia Anneth mtoto. Kisha akaendelea.

"Sasa baadhi ya dawa za ukungu na za wadudu, si zote, zina umbo linalofanana na la homoni. Hazifanani kabisa, lakini kiasi cha kuingia kwenye kishimo kile. Zinaingia, zinakaa. Kipokezi kinajaribu kujikunja, hakijikunji inavyotakiwa. Amri haitoki. Na homoni halisi ikifika inakuta nafasi imekaliwa. Mtoto wa kiume ana majuma machache, mwanzoni mwa mimba, ambapo homoni ya kiume inaamuru njia ya mkojo ijengwe mpaka mwisho wake. Amri isipopokelewa majuma yale, ujenzi unaishia njiani. Baadaye homoni ikijaa hata namna gani, wakati umeshapita."

Nikamuuliza, "Daktari, mbona huyu hakuugua? Hakutapika wala kichwa hakikumuuma."

"Hapo ndipo tunapodanganyika. Sumu ya kuua tunaiogopa kwa sababu tunaona maiti. Hii haikuumizi popote. Homoni yenyewe inafanya kazi kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo kinachojifanya homoni nacho hakihitaji kuwa kingi. Na kuna kemikali nyingine zinafanya kinyume chake. Zinaingia kwenye kipokezi na kukiamsha, amri ikatoka wakati hakuna aliyeituma."

Anneth alikuwa anaangalia sakafu. Akasema polepole, "Ni kama zamu ya maji. Kila nyumba ina siku yake ya mfereji. Nikikuta mtu ameziba lango langu kwa gunia, maji yanapita, nayaona yanapita, ila kwangu hayaingii. Akija kulitoa gunia wiki inayofuata, mbegu imeshakufa."

"Ndivyo," Daktari Twahira akasema. "Ndivyo hasa." Kisha akaongeza jambo ambalo naomba mlisikie, maana alikuwa mtu mkweli. "Lakini siwezi kushika Msahafu nikaapa kwamba ya mtoto huyu yametokana na dawa ile. Wapo wanaozaliwa hivi na wazazi hawajawahi kushika dawa, na mara nyingi hatujui sababu. Ninachojua ni kwamba dawa za aina hiyo zinafanya kazi hiyo mwilini, na wewe uliishi ndani yake. Dumu la maji nalo litoe. Plastiki hunywa dawa, kisha huirudisha kidogo kidogo. Ya mtoto tutayarekebisha kwa upasuaji akikua kidogo. Baba yake aje pia. Na yeye nataka kuongea naye."

Tuliondoka tukiwa na tarehe ya kurudi. Njiani Anneth hakulia. Aliniambia tu, "Afadhali nimejua."

Maskini, alidhani kujua kutamponya na mumewe vilevile.

Alimweleza jioni ile ile, na mimi nilikuwepo kwa kuwa aliniomba nimsaidie pale atakaposahau. Efraimu alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja gotini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo daktari amesema mimi ndiye niliyemharibu mwanangu?"

"Hajasema hivyo. Amesema dawa inaweza. Amesema uje muongee."

"Dawa anayeileta ni nani?"

"Baba Furaha, na mimi nimekoroga. Mikono ni hii. Sikuja kukuhukumu. Nimekuja kukuomba tuache kuchanganya hovyo, na mtoto tumtibu."

"Nyanya zote hizi zinazoliwa Arusha nzima, wanawake wote wanaokoroga ndoo huku juu, iwe kwako tu?" Aliinuka akasimama mlangoni. "Wanangu hawaharibiwi na nyanya. Kuna kitu kwenu mmenificha."

Nilimtazama nikaelewa, na ninawaambia ili nanyi muelewe. Efraimu hakuwa mjinga. Aliyasikia maneno ya daktari na yalimwingia. Ila akawekwa kati ya mambo mawili, laana au kosa lake, akachagua laana. Laana haina mwenyewe. Dawa ilikuwa na mwenyewe.

Siku chache baadaye ukoo ukakaa, safari hii haraka. Mshili, yaani mkuu wa ukoo wao, alikuwa mzee mwenye busara, na alimuuliza Efraimu kama amekwenda hospitali. Efraimu akajibu kwamba hospitali hakuna jipya, kwamba tatizo limetoka upande wa mke. Bibi Ndekirwa akaunga mkono. Anneth aliruhusiwa kusema, akasema aliyoambiwa, ila maneno ya kipokezi na homoni yalianguka pale katikati ya wazee kama lugha ya wageni. Mshili akashauri mke apumzike kwao kwa muda. Sote tunajua kupumzika huko kunamaanisha nini. Furaha akaambiwa abaki, kwa kuwa ni mtoto wa ukoo. Kichanga hakuna aliyemdai.

Anneth aliondoka na mtoto asiye na jina kwenda Momela kwa baba yake, Mzee Lesian, Mwarusha aliyehamia upande ule zamani kufuata malisho. Mzee yule alimpokea mjukuu, akamtazama, akauliza anaitwa nani. Alipoambiwa hana jina, alisema, "Basi ataitwa Lesian. Langu bado linafanya kazi." Alibatizwa huko, na alipotimiza mwaka na ushee alifanyiwa upasuaji. Iliwalazimu kurudi mara ya pili maana kidonda kilikataa kufunga. Anneth alikaa wodini peke yake. Efraimu alipelekewa habari mara zote mbili. Hakwenda.

Huku kwetu kilimo kiliendelea. Na ndoo bado ilihitaji wa kuikoroga.

Asubuhi moja nilikuwa nachuma majani ya ng'ombe kando ya mfereji, nikainua macho. Furaha, ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajaota tena, amesimama kwenye kigogo ili aifikie ndoo. Ameshika mti kwa mikono miwili, anakoroga, povu linamrukia kwenye gauni la shule. Nilipiga simu Momela hapo hapo. Sikupamba maneno. "Anneth, mwanao anashika mti wako," nikamwambia.

Kesho yake mchana alikuwa amefika, Lesian mdogo mgongoni. Hakupita kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja shambani, na mimi nikavuka kumfuata.

"Furaha, weka huo mti chini. Twende ukanawe."

Efraimu akatua bomba. "Anneth, unaingia shambani kwangu kama mwizi?"

"Nimeingia mchana, nimepita mlangoni. Mwizi hafanyi hivyo."

"Huyo ni mtoto wa ukoo huu."

"Ukoo una wanaume wenye mikono. Wakoroge wao." Alimvua mtoto gauni lile, akamfunga kanga yake, akaanza kumnawisha kwa maji aliyokuja nayo kwenye chupa. "Mmoja mlimkataa kwa kuwa ana kasoro. Huyu hana, mnataka kumpa."

Nilidhani Efraimu atamnyang'anya mtoto. Alipiga hatua. Aliyemzuia ni Bibi Ndekirwa, kutoka barazani, kwa maneno mawili tu: "Mwache aende." Akaingia ndani na kufunga mlango, na Anneth akaondoka na watoto wote wawili. Sijui aliona nini siku ile. Labda aliona mikono ya mjukuu. Tangu hapo hadi alipofariki hakuwahi tena kumsema Anneth vibaya.

Efraimu alioa mke mwingine, Silantoi, msichana mwenye heshima. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Wale wale wa kisimani wakaanza kumhesabia Silantoi miezi, naye akawa anateka maji asubuhi mapema ili asikutane nao. Alikwenda kupimwa. Akaambiwa yeye hana tatizo, amlete mume. Mume akakataa. Silantoi hakusubiri kikao cha ukoo. Alikunja nguo zake akarudi kwao, na hakuna aliyeweza kumlaumu.

Ndipo Efraimu alipokwenda hospitali, peke yake.

Aliporudi alikuja kwangu. Alikuwa amekonda, na besi ile ya kwaya ilikuwa imebaki mkwaruzo. Alikaa kwenye benchi la jikoni, akakataa chai.

"Wamenipima," akasema. "Wanasema mbegu ni chache mno, na zilizopo hazina nguvu. Daktari akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nyanya. Akauliza nani anapiga dawa."

Nikasogeza kigoda, nikakaa mbele yake.

"Mama Brian, yule daktari mwanamke alisemaje? Yule wa mtoto. Nisimulie tena."

Nikamsimulia kama nilivyowasimulia ninyi: homoni, kipokezi, kishimo chenye umbo lake, na kitu kigeni kinachoingia na kukaa. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Alisema nafasi inakaliwa?"

"Alisema."

"Na homoni yenyewe ikija?"

"Inakuta imekaliwa."

Mwisho akauliza kama nadhani itarudi kama zamani akiacha dawa. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba amuulize daktari. Akasema amemuuliza. Daktari naye hakuweza kumwahidi.

Wiki ile ile alimwomba mshili na mume wangu wamsindikize Momela. Mimi nilikwenda kwa sababu Anneth ni mwenzangu. Tulimkuta Mzee Lesian ameketi kwenye kigoda, ng'ombe wametoka malishoni. Maneno ya adabu yalisemwa yote, ya salamu, ya mvua, ya mifugo. Kisha mshili akasema waliyokuja nayo. Ukoo umeona ulikosea. Unamwomba mke arudi, na mtoto apewe jina la babu yake, Simel, awe mrithi wa shamba.

Mzee Lesian akasema jibu si lake, akamwita binti yake.

Anneth alikuja akasimama, mikono mbele. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. "Baba Furaha," akasema, "nimekusamehe, na ninaposema hivyo simaanishi kingine. Watoto ni wako, njoo uwaone siku yoyote. Lakini kurudi, hapana. Ulimkataa alipokuwa na kidonda, sasa kidonda kimepona na wewe huna mwingine. Akikua atauliza kwa nini ulimfuata, nami sitamdanganya."

Wakati huo huo mtoto mwenyewe akatokea nyuma ya zizi, mbio, matope mpaka magotini, afya imemjaa. Babu yake akamwambia awaamkie wageni. Akapita kwa kila mmoja kwa zamu, kichwa kikiinama apate kuguswa, kama ilivyo desturi. Kwa mshili akasema, "Shikamoo babu." Kwa mume wangu vivyo hivyo. Alipofika kwa Efraimu alisita, akamtazama usoni, akatafuta neno la mwanaume asiyemjua.

"Shikamoo, anko," akasema.

Efraimu aliweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe. "Marahaba," akaitikia. Mkono ukabaki pale, mpaka mtoto akauponyoka na kukimbilia mchezo wake.

Mafunzo ya habari hii

Ndugu zangu, msiseme nimewakataza kulima nyanya au kupiga dawa. Mdudu yupo, na njaa ipo. Ninachowaambia ni kwamba dawa ya shambani haijui mpaka wa shamba. Haimwoni mdudu na kumwacha mtu. Ikiingia mwilini, inaweza kwenda kukaa mahali padogo ambapo hakuna jicho linalofika, kwenye kipokezi cha homoni, ikavuruga amri iliyokusudiwa kumjenga mtoto au kumfanya mtu azae. Utamaliza kazi salama, utakula na kulala, na hujui kilichokaliwa ndani yako. Kwa hiyo nunueni dawa yenye maandishi, muyafuate hayo maandishi, mvae vya kujikinga, na mvune baada ya muda uliosemwa. Chombo cha dawa kitobolewe, kisirudi jikoni hata kikioshwa mara mia. Bomba lisisuuzwe mferejini, maana wa chini wanakunywa aliyoosha wa juu. Mwenye mimba asiikaribie ndoo ile, na mtoto asiikaribie kabisa.

La pili ni zito zaidi, kwa sababu halihitaji elimu ya daktari. Anapozaliwa mtoto mwenye kasoro, au mimba zinapotoka, au zinapokosekana, msitafute mwanamke wa kumtwisha. Nendeni hospitali wote wawili, mume na mke, na msikilize mpaka mwisho. Dawa ilimnyima Efraimu watoto ambao hawakuzaliwa. Wale wawili aliokuwa nao, hakunyimwa na dawa. Aliwaachilia mwenyewe, kwa kuogopa kusema neno moja: nimekosea.

Anayesikia na amwambie jirani yake leo, kabla ndoo ya kesho haijakorogwa.